KAMA JANA, DADA

Sehemu ya Sita

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama pampu namba mbili, mpira wa petroli mkononi, macho yamenitoka. Gari jeusi lilikuwa limeshatoka geti la kituo. Na kwenye kile kijimlango cha tanki, wakati nakibamiza kukifunga, nilikuwa nimeyaona maandishi mekundu nikiwa nimeshachelewa: DIZELI.

Nikanusa vidole. Petroli. Petroli haina ujanja, ni ya baridi mkononi na hukauka kabla hujajipangusa. Dizeli ingenata.

Nikautundika mpira, nikatoka mbio.

"We Pampu Mbili! Unakwenda wapi na mabuti ya kituo?"

Huyo ni Redio, mwenzangu wa pampu namba moja. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona swichi yake ya kuzimia.

"Nimeweka petroli!"

"Si ndiyo kazi yako?"

"Kwenye gari la dizeli!"

"Mama yangu!" Redio akajishika kichwa. "Haya, kimbia! Mimi sijaona kitu!"

Ambaye hamjui dereva wa gari lile nimweleze upesi, maana nakimbia. Kila asubuhi tangu mwaka uanze alikuwa anakuja na gari dogo jeupe. Anasimama kwenye pampu yangu hata kama ya Redio haina mtu. Anashusha kioo.

"Kama jana, dada."

"Na kesho kama leo," namjibu.

Naweka petroli kidogo, kiasi kilekile cha jana, anaondoka. Basi. Jina lake silijui, langu halijui. Redio ndiye aliyempa jina la Kama Jana.

Mtasema hayo si mazungumzo. Simameni nyie pale pampuni kutwa nzima muone. Weka. Futa kioo. Fanya haraka. Watu wanapita mbele yangu mpaka jioni na hakuna anayenitazama usoni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananikumbusha kwamba jana pia nilikuwepo.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniudhi: lile neno dada. Kila anayesimama pampuni ananiita dada, mpaka wazee wa kunizaa. Yeye nilitaka anitafutie neno lingine.

Sasa, kituo chetu kina sheria moja, na mwenye sheria ni Mama Mdogo. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye msimamizi wa kituo, ndiye aliyenileta hapa nilipobaki sina mtu. Tunalala chumba kimoja nyuma ya ofisi, kitanda chake huku na changu kule. Alizaa mara moja tu. Mtoto alichukuliwa na upande wa baba angali ananyonya, na jina lake chumbani kwetu halitajwi. Ila kuna shuka dogo la mtoto ambalo Mama Mdogo hulifua, hulianika, hulikunja, na hakuna anayelilalia.

Sheria yake ni hii: uliza kabla hujashika. Petroli au dizeli? Hata kama aliyekuja ni baba yako mzazi, uliza.

Nilikuwa nawauliza wote. Yeye sikumuuliza. Kumuuliza ingekuwa kumfanya mgeni. Kwa hiyo asubuhi hii alipokuja na gari jeusi nisilolijua, akashusha kioo kilekile cha upande uleule, akasema "Kama jana, dada," mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye petroli.

Gari nililikuta njia panda, kwenye taa. Lilikuwa limekohoa, limetikisika kama mtu aliyepaliwa na maji, limezima. Nyuma honi zinalia. Na yeye ndani anapiga starta, anapiga starta.

"Usiwashe!" Nikapiga boneti kwa viganja vyote viwili. "Acha! Utaipeleka yote kwenye injini!"

Akaacha. Akanitazama. Ndipo nilipogundua kwamba miezi yote ile nilikuwa nauona upande mmoja tu wa uso wake.

"Umekuja kwa miguu," akasema, kama vile hilo ndilo la kushangaza.

"Nimekuwekea petroli. Hili ni la dizeli."

"Najua."

Anajua? Sikupata nafasi ya kuuliza. Mlango wa nyuma ulifunguka. Kikatangulia kiatu kinachong'aa, likafuata tumbo, akafuata mwenyewe.

Bosi wa Makochi!

Sikujua kama kuna mtu nyuma. Vioo vilikuwa vyeusi, na kumbe mwenyewe alikuwa amesinzia njia nzima. Huyu ndiye tajiri wake, mwenye lile duka kubwa la samani mtaa wa pili, na asubuhi ile alikuwa anawahi hotelini kusaini mkataba wa makochi ya jengo zima.

"Nimesikia petroli," akasema taratibu. "Nani kaweka petroli kwenye gari langu jipya?"

Nikafumbua mdomo.

"Mimi, bosi," akasema Kama Jana. "Dada aliniuliza vizuri. Nikamwambia petroli. Nilisahau kwamba tumebadilisha gari."

Bosi akamkazia macho.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

Bosi akanigeukia. "Ni kweli, binti?"

Honi zinalia. Mtu kachungulia dirishani anatutukana wote watatu. Mimi nakiona chumba chetu nyuma ya ofisi, godoro langu, ndoo yangu, msumari ninaotundikia kanga. Nisingekuwa na pengine pa kuvipeleka.

Nikaitikia kwa kichwa. Kidogo tu. Lakini aliona.

"Basi sawa," akasema Bosi. "Wewe dereva, lisukume mpaka gereji, halafu nataka funguo. Za gari, na za stoo. Leo usilale dukani kwangu."

Akasimamisha teksi, akazama ndani, akaenda zake.

Tulilisukuma wawili. Yeye mlangoni ameshika usukani, mimi nyuma nimeegemeza bega. Getini Mama Mdogo alikuwa anatusubiri, miwani imemshuka puani.

"Uliuliza?"

"Aliuliza, mama," akajibu Kama Jana.

"Sijakuuliza wewe, kijana. Namuuliza huyu."

"Niliuliza," nikasema.

Mabega ya Mama Mdogo yakashuka. Alikuwa ameyabana tangu aliponiona nakimbia. "Malizeni kusukuma, urudi kazini," akasema, akarudi nyuma ya kioo cha ofisi yake.

Njia panda nilikuwa nimedanganya kwa kichwa. Sasa nimedanganya kwa mdomo, tena mbele ya mama pekee niliyebaki naye.

Gereji iko ukuta kwa ukuta na kituo. Fundi aliingia chini ya gari, tukabaki tunaiona miguu yake tu na beseni la kukingia.

"Mwenye kosa ni nani kati yenu?" sauti ikatoka chini.

"Mimi," tukasema wote kwa pamoja.

"Ehee! Basi oaneni kabisa. Tanki lenyewe dogo, halitoshi kugombaniwa na watu wawili."

Tulicheka, halafu kicheko kikaisha, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Tukatazama ukuta. Tukatazama matairi. Petroli na dizeli zikawa zinadondoka kwenye beseni kwa pamoja, huwezi tena kuzitenganisha.

"Kumbe hatuna maneno mengine," nikasema.

"Tulikuwa hatuyahitaji."

"Ulijua ni dizeli."

"Tangu lilipoletwa. Njia nzima nakuja nakariri: dizeli, dada. Dizeli, dada. Nimefika, nimeshusha kioo, ulimi ukarudi kwenye mazoea yake."

"Si ungesema tu!"

"Ningesema dizeli ungeniuliza, kulikoni? Gari la nani? Lile jeupe liko wapi? Ningekuwa mteja." Akashusha macho. "Nilitaka niwe yule wa jana."

Ugonjwa wake ndio wangu.

"Sasa utalala wapi?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

Akatabasamu upande ule nilioujua. "Sina watu. Nalala stoo ya makochi. Makochi yako mpaka darini, yote yamefungwa nailoni. Mimi na mkeka wangu chini, katikati. Nikijigeuza nailoni inalia, nadhani kuna mtu kaamka."

"Hujawahi kulalia hata moja?"

"Nailoni ikichanika nitasema nini?"

Fundi chini akaguna. Hata yeye ilimgusa.

"Na kwenu?"

"Alinilea bibi, mzaa baba. Alikufa mwaka jana. Ndiyo nikaja huku kutafuta."

"Kazi?"

"Na kazi pia."

Mtu mwingine angeuliza: na nini kingine? Mimi nimezoea swali moja tu maishani, lenye petroli upande mmoja na dizeli upande wa pili. Nikalipita lile jibu kama nilivyokipita kile kijimlango cha tanki.

Badala yake nikasema kitu kilichonitoka bila kukipanga. "Usiniite dada."

Akageuka mzima. "Nikuite nani?"

Jina langu lilipanda. Lilifika kwenye meno, naapa. Ndipo Fundi akajivuta kutoka chini ya gari kwa mgongo, uso mweusi kwa grisi.

"Beseni limejaa. Nani anabeba?"

Nilibeba mimi. Jina likarudi lilikotoka. Nilipomaliza kumwaga kwenye pipa kule uani na kurudi, alipokuwa amesimama hapakuwa na mtu.

"Kapeleka funguo," akasema Fundi. "Na kuchukua begi lake."

Nilirudi kituoni lakini sikusimama pampuni. Nilipitiliza mpaka ofisini. Mama Mdogo alikuwa anafuta miwani.

"Sikuuliza," nikasema.

Hakuinua uso. "Nimekuuliza getini, ukasema uliuliza."

"Nilidanganya."

"Sasa unaniambia ili nifanye nini? Mambo yameisha. Kijana kayabeba mwenyewe, tajiri wake karidhika, wewe kazi unayo. Nenda pampuni."

"Hana pa kulala."

"Na wewe ukisema, unapo?" Sasa aliinua uso. "Mwenye kituo akisikia nitamwambia nini? Nani kakuleta hapa? Nani kamwapia kwamba binti wa dada yangu ni mwangalifu? Ni mimi! Tutatoka wote na magodoro yetu kichwani, kwa sababu ya mwanamume unayemjua kwa maneno mawili!"

"Ni matatu, Mama Mdogo."

"Umeyahesabu!"

Tukatazamana. Feni inazunguka juu yetu, inagonga palepale inapogonga siku zote.

"Hakuna aliyewahi kunisemea uongo ili nipone," nikasema. "Siwezi kukaa ndani ya uongo wake na yeye yuko nje."

Mama Mdogo alivaa miwani. Akaivua tena. Sauti yake iliposikika ilikuwa ndogo. "Kama unakwenda kusema, vua ovaroli. Usiende kusema umevaa nguo ya kituo changu."

Nikaivua palepale. Nikaikunja, nikaiweka mezani. Sikuwahi kujua kuwa ni ndogo namna ile.

"Wee!" Redio akanipigia kelele nilipopita. "Unakwenda wapi na gauni? Umeshakuwa mteja?"

Nikakaza mwendo. Ningemjibu ningelia.

Dukani nilimkuta Bosi wa Makochi ameshatoka hotelini, amezungukwa na makochi pande zote, na yeye amekalia kigoda cha mbao anakunywa chai. Hata yeye haruhusiwi kuyakalia.

Nilisemea mlangoni kabla miguu haijaghairi. "Mzee, sikumuuliza. Yeye kasema kama jana, na mimi nimeweka ya jana. Kosa ni langu. Mrudishie funguo zake."

Bosi akainua uso. "Kama jana? Jana ipi?"

"Ndivyo anavyosema kila siku. Kila asubuhi anakuja kuweka petroli kidogo kwenye lile gari jeupe, anasema kama jana."

Bosi akakiweka kikombe chini.

"Binti. Lile gari nilikuwa nalijaza mimi mwenyewe kila Jumamosi, kwenye kituo cha rafiki yangu, mpaka mdomoni. Sijawahi kumpa dereva hata senti ya mafuta."

Akakunja uso, anahesabu kwa vidole.

"Subiri kwanza," akasema, akajipiga paja. "Subiri! Ndiyo maana mshale ulikuwa haushuki! Mimi nimelisifu lile gari mji mzima, nasema gari hili halili mafuta, linanusa tu! Aliyelinunua nimemuuzia kwa maneno hayohayo! Atanirudia! Huyo atanirudia!"

Akacheka mpaka chai ikatikisika. Halafu akaona kwamba mimi sicheki.

Nilikuwa nimeshika mgongo wa kochi. Nailoni ikalia chini ya vidole vyangu. Kwa hiyo gari lilikuwa limeshiba. Kila asubuhi lilikuja kwangu limeshiba, na yeye alikuwa anatoa mfukoni mwake, mtu anayelala kwenye mkeka, ili ashushe kioo aseme maneno yake matatu na asikie nitakavyomjibu.

Na mimi nilidhani mpweke ni mimi peke yangu.

Bosi alikohoa. Akatoa funguo mfukoni, akanitupia.

"Mpelekee. Dereva anayeongeza mafuta yake kwenye gari la mwenzake nitampata wapi tena? Mwambie na stoo hiyo hapo. Na akitaka alale kwenye kochi, ila avue viatu."

"Yuko wapi?"

"Kapita hapa na begi lake sasa hivi. Nimemuuliza unakwenda wapi, kasema kuna mtu anakwenda kumuaga."

Kwa mara ya pili siku ile nilitoka mbio.

Nilifika ng'ambo ya barabara, mbele ya kituo, magari hayakatiki. Nikamwona. Alikuwa amesimama pampu namba mbili, pale hasa gari linaposimama, begi liko miguuni. Bila gari. Bila kioo cha kushusha. Ukimtazama utafikiri kuna mtu kaliiba gari na kumsahau dereva.

Redio alikuwa mbele yake, mikono kiunoni. "Petroli au dizeli?" namsikia akiuliza kwa mazoea.

"Kama jana."

"Nakuwekea wapi sasa, kaka? Kwenye begi?"

"Yule dada yuko wapi?"

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mama Mdogo huyo, ovaroli yangu iko mkononi mwake. Mama Mdogo hatoki nje kwa ajili ya dereva hata kama anaunguza kituo. Safari hii alitoka, na sauti yake ikavuka barabara yote.

"Wewe tena! Binti yangu kavua nguo ya kazi kwa ajili yako, na mimi hata sikujui! Unaitwa nani wewe? Na ni mtoto wa nani?"

Nikainua funguo juu. "Mama Mdogo! Ngoja! Yamekwisha!"

Hawakunisikia, lori lilishaanza kunguruma barabarani. Nikaona midomo ya Kama Jana inacheza. Alikuwa anajibu. Jina lake, nililolisubiri tangu mwaka uanze, lilikuwa linatoka pale ng'ambo na mimi silisikii.

Lori la mchanga likapita katikati yetu, na tela lake.

Lilipita polepole. Na mimi nyuma ya ule mchanga nikapanga kila kitu. Nitavuka. Nitampa funguo. Nitamwambia jina langu, kabla Fundi wala mtu yeyote hajatokea na beseni. Na lile neno dada litakuwa limekufa, tumelizika.

Lori likaisha.

Ovaroli yangu ilikuwa imeanguka kwenye madoa ya dizeli. Mama Mdogo alikuwa amemshika Kama Jana usoni kwa mikono yote miwili, anampapasa mashavu, masikio, paji la uso, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Na Redio, nawaambieni ukweli, Redio alikuwa amezima.

Nikavuka. Sijui nilivukaje.

Mama Mdogo akanigeukia. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, na alikuwa anacheka. Akaninyooshea mkono mmoja, wa pili hakuutoa kwenye shavu la yule kijana.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo umsalimie kaka yako."

Funguo zikanichoma kiganjani. Kama Jana alinitazama juu ya bega la mama yake. Akafumbua mdomo, na katika yale maneno yake matatu nikajua ni lipi linakuja.